Kapteni Aliyetaka Msimu Mzima

Tulimwita Kapteni, na hata wasiojua timu yetu ilihusu nini walimwita hivyohivyo, kanisani na kwenye basi la barabara ya Kipling hapa Toronto. Wageni walidhani aliwahi kuwa mwanajeshi. Wapi! Alikuwa kapteni wa timu ya mashindano ya kuchoma nyama, timu ya watu watatu, na katika miaka yote niliyomfahamu alitaka kitu kimoja ambacho hakukificha kwa mtu: kuwa bingwa wa msimu. Kushinda siku moja hakukumtosha. Alitaka msimu mzima.

Nieleze kidogo kwa asiyejua mambo haya. Majira ya joto yakifika, karibu kila Jumamosi kuna mji mdogo nje ya Toronto unaofungua uwanja wake wa maonyesho na kuita timu zije kuchoma. Kuna kuku, kuna mbavu, kuna bega la nguruwe, kuna kidari cha ng'ombe. Kila nyama ina saa yake. Unapanga vipande ndani ya boksi, unapeleka mezani, na majaji sita wanaonja bila kujua boksi ni la nani. Anayeshinda siku hiyo anapewa kikombe na anapigwa picha. Lakini kila timu pia hupata pointi, na pointi zinajumlishwa tangu theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapopukutika. Mwenye nyingi kuliko wote ndiye bingwa wa msimu. Hapo ndipo Kapteni alipoweka moyo wake.

Mimi sikuwa naye katika hilo, na nilimwambia wazi. Timu nyingi hazijali pointi. Nimeziona: wapo wanaokuja kwa ajili ya bia na kuota jua, wapo wanaotaka kikombe kimoja cha kuweka sebuleni waachane na mambo hayo. Wanaohangaikia msimu ni wale wenye matrela marefu kama nyumba, ambao hawakosi Jumamosi hata moja, na ndio hao hao wanaouchukua. Sisi tulikuwa na gari la kuazima na ruhusa za kazini za kuombaomba. Mwenzetu wa tatu, kijana wa Nairobi aliyekuwa anatunza moto, alikuwa na msimamo wake pia.

"Buda, hii si championship ya nyama," alimwambia siku moja tukiwa kwenye foleni ya magari ya barabara kuu ya 401. "Hii ni championship ya petroli. Si tushinde moja tu, tuende home tukule?"

"Wote tunanunua petroli," Kapteni alijibu bila kugeuka. "Siku moja hata wewe unaweza kubahatisha. Jaji kaamka vizuri, kuku wa jirani kaungua, umeshinda. Msimu mzima hubahatishi."

Kijana alicheka. Kapteni hakucheka. Kwenye jambo la pointi hakuwa na utani hata kidogo, na mtu aliyelitania alijibiwa mara moja na baada ya hapo akaachwa aongee peke yake.

Nilichelewa kumwelewa. Kapteni alifanya kazi kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, kazi za kupelekwa na wakala, leo huku, kesho kule. Siku moja, tukiwa tunamenya vitunguu swaumu uani kwangu mtaa wa Malvern, nilimuuliza kwa hasira kidogo anapata nini kwenye hizo namba. 

"Mama Neema," akasema, "mimi kila nikihama ghala naanza upya. Bosi mpya, tena mtoto, ananifundisha namna ya kubeba mzigo. Nimezeeka nafundishwa kubeba mzigo! Hizi pointi nikizipata mwezi wa sita, mwezi wa nane bado ninazo. Hakuna anayekuja kuniambia nianze moja."

Nikamwambia, kwa kuwa mdomo wangu haujui kutulia, kwamba kila mwaka pointi zinafutwa na timu zote zinaanza sifuri.

"Zote," alisema. "Hapo sina neno."

Uani kwangu ndiko tulikofanyia mazoezi, kwa sababu yeye alikaa ghorofani Rexdale na huko ukiwasha mkaa kwenye baraza unaitiwa zimamoto. Alikuja na mabasi, kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine, na kuku ndani ya begi la michezo. Alikuja hata mwezi wa pili. Alichota theluji kwa koleo akatengeneza njia kutoka mlangoni hadi kwenye jiko la moshi, akasimama pale na koti la kazini na kofia ya sufu, akigeuza mapaja ya kuku kana kwamba ni mwezi wa saba. Mume wangu aliniuliza kama mtu huyu tumemuoa. Baadaye akazoea, akawa anamtolea chai nje, naye Kapteni anaipokea kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye kifuniko.

Alikuwa mgumu kufanya naye kazi. Kazi yangu ilikuwa kupanga boksi: kulaza majani ya kijani chini, kuweka vipande juu yake vikiwa sawasawa, kufuta tone la mchuzi lililokwenda lisikotakiwa. Alinitolesha vipande na kunirudisha mwanzo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, tena mbele za watu. Hakusema samahani. Hakusifu pia. Boksi likiwa zuri, alilifunga akaondoka nalo, na sisi tulijifunza kusoma mgongo wake. Kijana wa Nairobi alitishia kuacha timu kila mwaka, na kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka alikuwa wa kwanza kupiga simu.

Na mtu huyu huyu nyama ya mashindano alikuwa haili. Majaji wa huku wanapenda nyama iliyopakwa mchuzi mtamu mpaka inang'aa, na Kapteni aliutengeneza mchuzi huo vizuri kuliko wengi waliozaliwa nao. Lakini hakuulamba. "Hii ni halua yenye mifupa," alisema. Matokeo yakishatangazwa na uwanja ukianza kutulia, alitoa kwenye boksi la barafu mbavu za mbuzi alizokuwa amezificha, akazitupia chumvi na limau, akakata kachumbari, na mimi nikasonga ugali kwenye jiko dogo la gesi. Hapo ndipo alipokula, kwa kusimama, akikata na kugawa kwenye ubao, na yeyote aliyepita alikaribishwa. Wazungu wa timu nyingine walikuja na sahani zao. Aliyekuwa amewakunjia uso tangu asubuhi sasa anawachagulia mbavu zilizonona.

Nyama ya ng'ombe na kuku alinunua kwa mchinjaji mmoja wa Rexdale, Mwislamu wa Ismailia aliyekulia Dar es Salaam, ambaye alimkatia kidari kwa mkono wake na kumsimulia mitaa ya Upanga. Walipendana sana wale wawili. Kapteni akifika kwenye habari za kitimoto, yaani nguruwe, mchinjaji alianza kupanga mifuko kwenye rafu mpaka maneno hayo yapite, kisha mazungumzo yakaendelea.

Kwa watu wetu, Kapteni hakueleweka. Jumamosi za majira ya joto ndizo za harusi zetu, za mahafali, za kumshukuru Mungu kwa karatasi za ukaazi zilizotoka. Kila mmoja alitaka nyama yake ichomwe na Kapteni, na Kapteni alisema hapana. Hakuzungusha maneno: "Siku hiyo nina mashindano." Alikataa harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa. Alikataa mapokezi ya askofu. Maneno yakaanza. Ooh, anaringa. Ooh, anachomea wazungu, sisi hatutaki moshi wake. Mkewe, mama mpole aliyefanya kazi ya kutunza wazee, ndiye aliyeyasikia yote, maana yeye ndiye aliyekwenda kwenye hizo sherehe peke yake na bakuli la pilau. Sikumwona hata siku moja akimlaumu mumewe mbele ya watu. Nyumbani sijui.

Kisha ukaja msimu ule. Nauita msimu ule kwa sababu kwetu ni mmoja tu. Kila kitu kilikuwa kinatukubali. Hatukushinda siku yoyote, lakini kila Jumamosi tulikuwa kwenye nafasi za juu, na pointi zikawa zinajikusanya kimyakimya, hadi tukafika mashindano ya mwisho tukiwa wa kwanza. Wenye matrela walikuwa nyuma yetu. Hata mimi niliyekuwa nabeza nilianza kuota hesabu hizo. Kapteni alipungua mwili. Aliacha kuzungumza na sisi isipokuwa kuhusu kuni.

Habari zilifika kanisani, na watu wetu, wale wale wa "anaringa", wakakodi magari wakaja kumshangilia. Walikuja na vitenge, na watoto, na vigelegele. Nilifurahi na niliogopa. Timu nyingine hufunga kamba kuzunguka hema lao hadi boksi la mwisho liende, mgeni hasogei. Nilimwomba Kapteni tufunge kamba. Alinitazama kama nimemtukana mama yake.

"Nani anafunga kamba jikoni watu wametoka mbali?" aliuliza. "Nimewawekea chakula. Waache wale."

Na kweli alikuwa amewawekea. Alichoma mapaja mengi ya kuku, akachagua sita bora, kila jaji na lake, akayaweka kwenye ubao mwisho wa meza na kuyafunika kwa karatasi ya foili. Yaliyobaki akayamwaga kwenye sinia kwa ajili ya wageni. Sinia liliisha haraka sana. Mimi nilikwenda kwenye boksi la barafu kutoa majani ya kupambia. Kijana wa Nairobi alikuwa anabeba kuni. Kapteni alikuwa ameinamia jiko, mgongo kwa meza, akiangalia mbavu.

Hapo akafika bibi mmoja, mama mzazi wa muumini wetu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanzania kumsalimu binti yake. Alikuwa amechelewa kushuka garini kwa sababu ya miguu. Akasema hodi, kama mtu mwenye adabu zake. Kapteni, bila kugeuka, akaitika kama alivyoitika maisha yake yote: "Karibu mama, karibu chakula." Bibi akatazama sinia, tupu. Akafunua foili.

Niliporudi alikuwa amesimama pale na paja mkononi, ameshauma, mchuzi unamtiririkia kwenye kidevu. Nilisema "Yesu wangu" kwa sauti. Kapteni akageuka. Aliutazama ubao, mapaja matano. Akamtazama bibi. Saa ya boksi la kuku ilikuwa imefika, wanaume wa timu ya jirani walishaanza kutembea na la kwao. Paja lenye mfupa hulikati ukampa jaji nusu. Jaji atakayekosa anaandika alama ya chini kabisa. Hiyo ndiyo kanuni, na haijui habari ya hodi na karibu.

"Mwanangu," bibi alisema, "nyama tamu hii. Mungu akubariki."

"Asante, mama," Kapteni alisema.

Nikapanga matano. Kapteni akanisaidia kufunga kifuniko. Alilibeba boksi mwenyewe.

Jioni ubingwa wa msimu ukatangazwa, ukaenda kwa moja ya yale matrela. Tulikuwa wa pili, kwa tofauti ambayo paja moja lingeiziba na kubakiza. Watu wetu walipiga vigelegele kwa nafasi ya pili, nao hawakujua kilichotokea hadi kijana wa Nairobi alipowaambia kwa uchungu. Kapteni alikunja viti. Mbuzi hakumtoa siku hiyo. Njiani kurudi alisema neno moja tu, la kumwelekeza dereva njia ya kutokea.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Magari yale yalikuwa hayajafika Toronto, hadithi imeshabadilika. Kufikia Jumapili ilikuwa hivi: Kapteni alimwona mama mzee mwenye njaa, akajua kabisa anachopoteza, akachukua kipande chake bora akampa kwa mikono miwili. Mchungaji aliiweka kwenye mahubiri. Mzee wa kanisa, yule wa harusi, alimkumbatia mbele ya watu. Kwenye harusi za mwaka uliofuata mshereheshaji aliisimulia kabla ya chakula, watu wakapiga makofi, akina mama wakafuta macho. Bibi mwenyewe alirudi nyumbani akiwa na hadithi hiyo hiyo, na naamini huko aliko anaisimulia hadi leo. Aliyekuwa anaringa akawa mtu wa watu. Mkewe akaacha kwenda kwenye sherehe peke yake.

Kila ilipoanza kusimuliwa, Kapteni aliinuka akatoka nje. Nilidhani ni unyenyekevu. Wote tulidhani hivyo, na tukampenda zaidi.

Alishindana msimu mmoja mwingine, wa kawaida, tukamaliza katikati. Baadaye figo zikamshika. Jiko la moshi likabaki uani kwangu. Mimi na kijana wa Nairobi tulikwenda mara chache bila yeye, tukapata kikombe kimoja cha kuku, cha siku moja. Tulimpelekea. Akakishika, akakisoma maandishi yake yote, akatupongeza kama watu wazima wanavyopongezana, akamwambia mkewe akiweke mahali pazuri. Hakuuliza pointi, na mimi nikaelewa kuwa alijua tumechagua Jumamosi zilizotufaa sisi.

Mara ya mwisho tuliyozungumza sana ilikuwa mchana wa kawaida wa siku ya kazi. Mkewe alikuwa kazini. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni, uso umevimba, na ana hasira ambayo sikuiona tangu siku za kunirudisha mwanzo kwenye maboksi. Mchungaji na wazee walikuwa wamekuja jana yake kumwombea. Ndani ya sala, mchungaji alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi huyu aliyeutoa ushindi wake kwa mama mwenye njaa.

"Nilikuwa nimefumba macho," Kapteni alisema. "Nisingefumba ningemkatiza. Na atasema tena, Mama Neema. Siku hiyo atasema, na mimi nitakuwa nimelala pale kwenye sanduku, siwezi kutoka nje."

Nilimwambia asizungumze hivyo. Nilimwambia watu wanampenda kwa hadithi hiyo, inamdhuru nini.

"Wanampenda huyo mtu wao," alisema. "Mimi simjui. Mimi sikumpa yule mama kitu. Nilikuwa nimempa mgongo. Ningemwona, ningemshika mkono."

"Bibi wa watu, Kapteni?"

"Taratibu. Ningemshika mkono nikamwambia, mama, subiri kidogo, nakuletea mbavu. Angesubiri. Mtu mwenye adabu yule, si alipiga hodi? Angesubiri, na msimu ungekuwa wetu. Wananisifu kwa kutoa. Mimi niliporwa na bahati mbaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole. Miaka yote hii. Hata wewe."

Nilimwambia pole. Ilikuwa pole ya kweli, na machozi yalinitoka hapo hapo, maana niliona kwamba tulimpa heshima yote tuliyokuwa nayo na hatukumpa lile moja alilolihitaji.

"Ulikuwa unautaka hivyo?" nilimuuliza.

"Kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka katika nchi hii," alisema. "Mchungaji akimaliza, wewe simama. Wewe ulikuwepo. Usimtukane mtu, usimwaibishe bibi. Sema tu kwamba niliutaka, na kwamba niliukosa. Sitaki wanizike kama mtu ambaye hakuona uchungu."

Nikamwahidi. Haikumtosha. Akaniambia nisimame pale pale, katikati ya sebule, niseme anisikie.

Nikasimama. Nikasema, "Kapteni aliutaka ubingwa wa msimu. Hakumpa mtu. Aliukosa, na kuukosa kulimuuma mpaka mwisho."

Akasikiliza hadi nilipomaliza. Kisha akaniambia nirudie, polepole, na safari hii nisilie.